Maumivu ya Goti na Kipimo cha Ultrasaundi

Msimu wa karafuu haumhurumii mtu mwenye goti bovu. Mchumaji hupanda na kushuka mikarafuu tangu asubuhi, na mchambuaji hukunja magoti juu ya jamvi hata usiku. Baadaye twasikia mwenzetu ameambiwa, "Kapige ultrasaundi," naye huenda akakodisha mikarafuu yake miwili mitatu ili apate nauli na ada. Kwa hiyo twaona yafaa tueleze kipimo hiki chaonesha nini na hakioneshi nini, mtu asije akatoa fedha kwa kubahatisha.

Mashine hii haitumii mionzi kama eksirei, hutumia sauti. Sikio la binadamu halisikii sauti izidiyo mitikisiko 20,000 kwa sekunde, lakini sauti ya kupimia goti hutikisika mara milioni kadhaa. Mpimaji hupaka jeli juu ya ngozi, akapitisha kidude cha mkononi. Sauti huingia mwilini na kurudi kama mwangwi, na mashine huugeuza mwangwi huo kuwa picha. Maji huonekana meusi, uso wa mfupa huonekana mweupe. Kipimo chenyewe hakiumizi.

Kazi yake njema ni kuonesha yaliyo karibu na ngozi: maji yaliyojaa gotini, kano zilizo juu na chini ya pia ya goti, vifuko vinavyovimba kwa kupiga magoti sana, na uvimbe wa nyuma ya goti. Uvimbe huu wa nyuma huitwa kwa jina la William Morrant Baker, mpasuaji wa London aliyeueleza mwaka 1877. Ukipasuka, kigimbi huvimba na kuuma kama kwamba damu imeganda mshipani. Mwaka 1972 madaktari McDonald na Leopold walionesha kuwa ultrasaundi yaweza kuyapambanua mambo haya mawili. Faida yake si ndogo, maana dawa ya kuzuia damu isigande yaweza kumdhuru asiyeihitaji.

Lakini sauti haipenyi mfupa. Gegedu zilizo katikati ya mifupa, na kano zinazopishana ndani ya goti, hazionekani sawasawa. Hizo hutazamwa vizuri zaidi kwa mashine ya sumaku, yaani MRI. Na aliyeanguka mtini akashindwa kukanyaga huanza na eksirei, ili ijulikane kama mfupa umevunjika.

Tena, si kila goti lahitaji picha. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa mwaka 2022 wasema kuwa mtu wa miaka 45 au zaidi, ambaye goti lamuuma akilitumia, na ukakamavu wake wa asubuhi hauzidi nusu saa, kwa kawaida aweza kutambuliwa ugonjwa wa kulika goti bila picha yoyote. Tiba ya kwanza ni mazoezi ya kutia nguvu misuli ya paja, na kupunguza uzito kwa aliyenenepa. Mazoezi hayo hayauzwi: keti kitini, nyoosha mguu, ushikilie kidogo, ushushe polepole, urudie kila siku.

Hata hivyo, yako mambo yasiyongoja msimu wishe. Goti likivimba ghafula, likawa la moto, na homa juu yake, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda lina usaha. Vivyo hivyo kigimbi kikivimba upande mmoja, au usipoweza kuunyoosha mguu baada ya kuanguka.

Kwa mengine, kabla ya kukodisha mkarafuu, mwache daktari alishike goti na kulikunja kwa mikono yake, kisha umwulize kwa adabu: "Majibu ya kipimo hiki yatabadili matibabu yangu?" Akisema ndiyo, na akakueleza vipi, fedha hiyo itoe kwa moyo mweupe. Akisema hapana, anza mazoezi, na mkarafuu wako ubaki wako.