Oili ghali haiokoi injini ya mzembe

Ndugu msikilizaji, wiki hii natubu hadharani. Mwaka jana niliua injini ya pikapu yangu kwa mikono yangu mwenyewe, na kilichoniponza ni galoni moja la oili ghali.

Ilianzia pale Mlandege, Iringa. Fundi wangu alizoea kunibadilishia oili ya kawaida, namba 20W-50, kila kilomita 5,000. Siku moja muuzaji mmoja wa vipuri akanishawishi: "Chukua sintetiki, mzee. Iringa kuna baridi, na hii ukiweka unasahau mwaka mzima." Nikalipa karibu mara tatu ya bei niliyozoea. Na kweli nikasahau.

Sasa tuelezane. Oili ya kawaida husafishwa kutoka mafuta ghafi, na chembe zake hubaki za maumbo tofauti. Sintetiki hutengenezwa kiwandani kwa kemia hadi chembe zake zikalingana. Ndiyo maana huwahi kutiririka injini ikiwa ya baridi, na kwenye joto kali huchelewa kuharibika na kugeuka tope. Ubora huo ni wa kweli. Gari ambalo kitabu chake kinaitaka, lipewe.

Lakini hoja ya baridi haikuwa na msingi. Namba ya kwanza, yenye herufi W, huonyesha oili inavyofanya kazi kwenye baridi. Ya pili huonyesha uzito wake injini ikishapata moto. Oili ya 20W hupimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri! Asubuhi ya Julai pale Iringa, hata tukivaa makoti mawili, hatujafika huko.

Tena niliyouziwa ilikuwa 5W-30, nyepesi mno kwa injini yangu iliyochakaa ringi na sili. Ikawa inavuja na kuungua kidogo kidogo, nami sikuchomoa kijiti cha kupimia hata mara moja. Siku hiyo natoka Ruaha Mbuyuni na magunia ya vitunguu, napandisha Kitonga, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikasema nitasimama nikifika juu. Juu sikufika. Injini ilinoki, na ada ya mtoto ya muhula ule ikaishia kwenye krenki.

Fundi hakunicheka. Aliniuliza tu: "Ndugu yangu, mara ya mwisho uliipima lini?"

Ndugu msikilizaji, swali hilo ndilo kubwa kuliko lile la sintetiki au kawaida. Fuata namba na daraja la oili lililoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Kama kinaruhusu ya kawaida, usione aibu. Fedha inayobaki nunua chujio jipya. Badilisha kwa wakati, maana hata sintetiki huchoka. Pima kila wiki, gari likiwa limesimama mahali tambarare. Na taa nyekundu ikiwaka, zima injini hapo hapo, hata kama kilele unakiona.