KEREZO DOGO LAWEZA KUJIZALIA MKONO WA PILI

Kerezo, ambalo mafundi wengi huliita lethi, lina tabia moja: huzungusha kipande cha chuma, na kisu husimama kimya kikikikwangua. Kwa tabia hiyo moja hutoka ekseli, bushi, kapi na skrubu. Lakini siku fundi anapotakiwa kutoboa matundu sita kuizunguka sahani ya chuma, au kuchimba mfereji wa kabari ubavuni mwa ekseli, kerezo lake humwambia kuwa kazi yake imefika ukingoni. Kazi hiyo inataka kipande kisimame na kisu kizunguke.

Hapo ndipo makosa mengi huanzia. Fundi huchora duara, hupiga alama kwa nyundo, kisha hushika keekee ya mkono na kutumaini. Tundu moja likikosea kwa nusu milimita tu, bolti hazipiti. Fundi huyapanua matundu kwa tupa, sahani huhama kutoka mahali pake, na pampu ya maji au kinu cha mahindi huanza kutetemeka. Baada ya miezi michache beringi huvunjika, na familia iliyotegemea maji yale au unga ule hubaki ikingoja. Njia nyingine ni kukipeleka kipande kwa mwenye mashine kubwa ya kuchongea, katika mitaa ya mafundi kama Katwe mjini Kampala au Gikomba mjini Nairobi. Njia hiyo ni njema, ila inataka nauli, fedha na zamu.

Kwa mwenye kerezo dogo nyumbani, iko njia ya tatu: kulitengenezea kerezo hilo spindeli ndogo yenye mota yake, inayofungwa mahali pa kisu.

WAZO LA ZAMANI

Wazo hili si geni. John Jacob Holtzapffel aliwasili London akitoka Strasbourg mwaka 1792, na kwa zaidi ya karne moja karakana ya ukoo wake iliwauzia mabwana wenye nafasi makerezo ya kuchongea mapambo ya pembe na mbao ngumu. Makerezo hayo yalikuwa na spindeli ndogo juu ya kigari cha kisu, nayo ilizungushwa kwa kamba iliyoshuka kutoka kwenye makapi yaliyoning'inia juu ya kichwa cha fundi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wapenzi wa ufundi nchini Uingereza walilifufua wazo hilo juu ya makerezo madogo kama Myford ML7, lililoanza kuuzwa mwaka 1946. Hao hawakuwa matajiri. Walikuwa wafanyakazi waliorudi nyumbani jioni, na spindeli zao walizitengeneza wenyewe, kwa kerezo lile lile lililozihitaji.

VIFAA

Vifaa vinavyotakiwa ni vichache. Kwanza, pande la alumini au la chuma cha kusubu, lenye unene wa milimita 50 na urefu wa 80 hivi. Pili, beringi mbili za namba 6201 zenye vifuniko vya mpira. Beringi hizi zina tundu la milimita 12, upana wa nje wa 32 na unene wa 10, na maduka ya vipuri huziuza kwa namba hiyo hiyo kila mahali. Tatu, fimbo ya milimita 12 yenye koleti za aina ya ER11 mwishoni mwake, ambayo huuzwa ikiwa tayari. Koleti hizo hushika keekee na visu hadi milimita 7. Nne, mota ya cherehani ya wati 100 hivi, pamoja na kanyagio lake na mkanda wake wa mviringo.

Kuhusu mota hiyo, yafaa kukumbusha jambo moja la amani ya nyumba: inunuliwe nyingine. Mama asiamke asubuhi akaikuta cherehani yake imebaki gurudumu tu.

SIRI IKO KATIKA TUNDU

Ubora wote wa spindeli hutegemea tundu linaloshika beringi. Kosa la kawaida ni kuchimba kitako cha beringi ya kwanza upande mmoja, kuligeuza pande, kisha kuchimba cha pili. Hata mkono hodari hauwezi kuvilinganisha vitako viwili vilivyochimbwa kwa kufungwa mara mbili. Spindeli hiyo itazunguka, lakini itapiga kelele na kupata moto.

Njia iliyo sahihi ni hii. Pande hufungwa kwa bolti juu ya kigari cha kerezo, likiinuliwa kwa vipande vya bati mpaka katikati yake pakaribie kimo cha ncha za kerezo. Fimbo nene iliyochomekwa kisu kidogo huwekwa kati ya ncha hizo mbili, ikipita ndani ya pande lililokwisha kutobolewa tundu la kwanza. Fimbo huzunguka, na kigari husukuma pande taratibu. Kisu hutolewa nje kidogo kidogo kila safari, mpaka tundu lifikie milimita 32 kutoka upande hadi upande bila bega lolote.

Faida ya njia hii ni kubwa. Kwa kuwa tundu limechimbwa na mhimili wa kerezo lenyewe, kimo chake ni kimo cha kerezo hasa, na mwelekeo wake ni sambamba na kitanda chake. Fundi hakupima wala hakukisia, mashine imejipimia. Vipande vya bati vilivyotumika vifungwe pamoja na pande hilo daima, visipotee.

Kati ya beringi mbili huwekwa mabomba mawili mafupi: la nje likizitenganisha pete za nje, la ndani likizitenganisha pete za ndani. Bomba la ndani liwe fupi kuliko la nje kwa sehemu chache za mia za milimita. Kola ya nyuma inapokazwa, pete za ndani hubanwa kuelekeana na mchezo wote wa beringi huisha. Ikizungushwa kwa kidole, spindeli iende laini bila kutikisika. Ikipata moto baada ya dakika chache, imebanwa mno, na bomba la ndani halina budi kutengenezwa upya kwa urefu zaidi kidogo.

MWENDO NA HESABU

Mota ya cherehani huzunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, mwendo ambao ni mwingi mno kwa chuma. Kisu cha milimita 6 kikikata chuma laini hutaka mizunguko 1,300 hivi kwa dakika. Keekee ya milimita 3 hutaka karibu 2,600. Kwa hiyo kapi la mota liwe dogo, milimita 15, na la spindeli liwe 45, ili mwendo upungue mara tatu. Kanyagio litamaliza marekebisho. Mota ifungwe juu ya bamba moja na pande, ili kigari kinaposogea mkanda usilegee wala kukazika.

Ili kugawanya duara, gurudumu lenye meno 60 kutoka katika gia za kerezo hufungwa nyuma ya mhimili mkubwa, na kijiti cha chuma chenye springi huingia kati ya meno na kuuzuia. Matundu sita ni kuruka meno 10 kila mara. Matano ni 12. Manne ni 15. Matatu ni 20. Matundu manane hayapatikani katika 60, bali katika gurudumu la 40, kwa kuruka matano. Duara likiwa na upana wa milimita 40, spindeli husogezwa milimita 20 kutoka katikati, basi kila tundu litaangukia mahali pake.

Na ikiwa kazi ni mfereji wa kabari, pande hugeuzwa robo duara na kuitazama ekseli kutoka ubavuni. Kwa kuwa kimo chake hakikubadilika, mfereji hukaa katikati ya ekseli sawasawa. Kisu kiingizwe nusu milimita tu kila safari, nacho kisukumwe dhidi ya mzunguko wake, kisije kikadaka na kuvunjika. Hiki ni chombo chepesi, hakitaki nguvu.

TAHADHARI

Sasa karakana ina mota mbili juu ya kitanda kimoja, na hatari nayo ni mbili. Wakati spindeli ndogo inafanya kazi, waya wa kerezo lenyewe uchomolewe kabisa ukutani, maana swichi ikiguswa kwa bahati mbaya mhimili uliozuiwa utavunja gia, na huenda na kidole. Mwili wa chuma uunganishwe na waya wa ardhi. Miwani ivaliwe kila mara, kwa kuwa kisu kinachozunguka hurusha vipande kama sindano. Mikono ya shati ikunjwe, na kanyagio liwekwe mahali ambapo mtoto hawezi kulifikia, wala mguu wa mpita njia hauwezi kulikanyaga.

Askari aliyezoea kufungua silaha yake, kuisafisha na kuiunganisha tena kwa utaratibu uliowekwa, anaifahamu tayari adabu ya kazi hii. Kila kipande kina zamu yake, na zamu ikirukwa hasara huonekana baadaye. Spindeli hii huweza kuchukua jioni nyingi kukamilika, na nyingi kati ya hizo zitakwisha kwa kuchimba tundu moja. Fundi asizionee uchungu jioni hizo. Tundu likiwa sawa, matundu yote yatakayofuata yatakuwa sawa, na pampu itakayofungwa kwa matundu hayo itatoa maji bila kutetemeka.