Mashine ya Kufulia Ivujayo: Tazama Saa Kabla ya Bisibisi

Mtu aonapo maji yametanda sakafuni chini ya mashine ya kufulia, aghalabu hufanya mojawapo ya mambo mawili: ama humwita fundi hima, ama hushika bisibisi akaanza kufungua mgongo wa mashine pasipo kujua atafutalo. Yote mawili huja kabla ya wakati wake, kwani maji hayaanzii pale yanapoonekana. Huanzia juu, yakafuata ubavu wa pipa au ukingo wa bati, kisha yakadondoka mbali na asili yake. Ushahidi ulio thabiti kuliko mahali ni wakati, na kama tabibu amwulizavyo mgonjwa homa yake hupanda saa ngapi, ndivyo nimwulizavyo kila mwenye mashine ya namna hii: huvuja inapojaza, inapofua, inapomwaga, au hata ikiwa imezimwa?

Lakini hadhari hutangulia uchunguzi. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230 au 240, nao hupita katika maji ya sabuni bila taabu. Basi ukikuta sakafu imelowa, usikanyage maji kwenda kuchomoa plagi, bali zima kwanza swichi kubwa ya nyumba, ukiwa umesimama pakavu. Kisha chomoa plagi, funga mfereji, kausha sakafu, utandike magazeti makavu, na ndipo uiwashe tena mashine yenye nguo chache, ukae nayo na kurunzi mkononi bila kuigusa.

Ikivuja wakati wa kujaza, tazama mgongoni, pale mpira wa maji unapoungana na mashine. Ndani ya kiungo hicho mna washa ndogo ya mpira ambayo kwa miaka hukauka na kupasuka, na bei yake ni duni mno. Ibadili, ukaze kwa mkono, kisha uongeze kidogo tu kwa koleo, kwani mwenye kukaza kwa nguvu zote huvunja nyuzi za plastiki akazidisha hasara.

Ikivuja inapofua, na yatokayo ni povu, mashine haina kosa: sabuni ya unga iliyotengenezwa kwa kufulia mikononi hutoa povu jingi, likapanda hata likatokea kwenye droo ya sabuni. Yakitoka maji matupu mlangoni, pitisha vidole katika mkunjo wa mpira wa mlango, ambamo hujificha sarafu, pini na nywele. Ufute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Ukiwa umechanika, usiutie gundi, maana hutikisika kila pipa lizungukapo na kiraka hakidumu. Nunua mpya wa mashine ile ile, na uangalie vitundu vyake vya kutolea maji vielekee chini.

Ikivuja inapomwaga, chunguza kifuniko cha chujio la pampu, ambacho katika mashine nyingi za mlango wa mbele kiko chini kabisa, kisha bomba la maji machafu. Mara nyingine bomba la nyumba ndilo lililoziba, na maji hurudi yakafurika.

Iliyobaki ni ile ivujayo hali imezimwa, nayo huwatatiza wengi. Vali iingizayo maji hujifunga kwa msaada wa msukumo wa maji yenyewe, na wengi wetu maji yetu hutoka katika tangi lililo juu ya paa. Kimo cha mita 10 huzaa msukumo wa takriban baa 1 tu. Basi tangi lililo mita 3 juu ya mashine halifikishi hata theluthi ya hiyo, hali vali nyingi hutaka nusu au zaidi. Ikiwa fauka ya hayo umeingia mchanga wa kisima, vali haifungi barabara, na maji hupenya kidogo kidogo usiku kucha. Fungua mpira wa maji, utoe kichujio cha wavu kilicho mdomoni mwa vali, ukisugue kwa mswaki mkuukuu. Na hata vali ikipona, ni vyema kufunga mfereji kila umalizapo kufua.

Ama ukiona michirizi ya kutu nyuma ya pipa, na mashine inanguruma inapokamua nguo, mpira wa mhimili umekwisha na maji yamefika kwenye beringi. Kazi hiyo mwachie fundi, ukimsisitiza abadili mpira na beringi zote kwa pamoja, wala asikubali kuanza kabla ya kutazama kama pipa lafunguka. Katika baadhi ya mashine limeunganishwa kiwandani kwa kuyeyushwa, na hapo hununuliwa zima.