Neno "Mofa" na Maana ya Mkate

Mwalimu wa Ipagala, penye mji wa Dodoma, alitajapo mkate mbele ya wanafunzi wake, wao hufikiri mkate wa dukani, mweupe, wa unga wa ngano. Lakini maana ya neno hili ni pana kuliko hivyo, na mwalimu aifupishaye huwapunguzia wanafunzi maana ya wasomayo.

Watu wa pwani huuita mkate kwa jinsi upikwavyo. Mkate wa sinia huokwa katika sinia. Mkate wa kumimina, rojo yake humiminwa chomboni. Tena uko mkate wa mofa, mdogo, wa mviringo, mgumu, wa unga wa mtama, ambao huokwa katika tanuu. Neno "mofa" lina asili ya Kiarabu, na huko Yemeni ni jina la tanuu lenyewe la udongo. Wasomali nao huuita mkate wa namna hiyo "muufo". Basi jina la tanuu limekuwa jina la mkate.

Uskoti nako uko mkate wa jadi uitwao "bannock", ambao ni bapa na mzito, na zamani uliokwa juu ya chuma kipana kilichowekwa motoni. Unga wake ni wa shayiri au wa oti, nafaka zistahimilizo baridi na mvua ya nchi ile kuliko ngano, kama vile mtama na uwele zistahimilivyo ukame wa Ugogo. Nafaka hizo hazina mnato kama wa ngano, kwa hiyo donge lake haliumuki sana.

Faida ya kuyajua haya ni nini? Ile mikate mitano ya Injili ya Yohana, sura ya 6, ilikuwa ya shayiri, yaani chakula cha watu wa kawaida. Mwanafunzi adhaniye kwamba ni mikate ya dukani hatatambua unyonge wa sadaka ile. Bali akielezwa habari za mofa, ataupima kwa mtama wa shamba la baba yake.

Lakini mwalimu asiuite ugali mkate, kwa maana ugali husongwa, na mkate huokwa. Ikiwa maana ni chakula kwa jumla, liko neno lifaalo: wafasiri wa Biblia ya mwaka 1952 waliandika "riziki" katika Sala ya Bwana.