Mercedes-Benz ya Mwaka Gani? Neno kwa Askari Anayenunua Gari Lililotumika

Wananchi wa Afrika Mashariki wana neno lao la siku nyingi, Wabenzi, la kuwaita wakubwa wapitao mjini wakiwa wameketi kiti cha nyuma cha Mercedes-Benz, vioo vimepandishwa. Askari wa doria aliyesimama kando ya barabara alilijua gari hilo kwa kulipigia saluti tu. Siku hizi mambo yamebadilika. Gari ambalo lilipotoka kiwandani Sindelfingen, Ujerumani, lilikuwa la mkurugenzi au la waziri, baada ya miaka ishirini huuzwa kwa bei ambayo sajini aliyerudi kutoka Somalia, au koplo wa polisi aliyekopa katika chama cha akiba na mikopo, aweza kuimudu. Lakini bei iliyoshuka ni ile ya kununua peke yake. Spea za gari la waziri zingali spea za gari la waziri.

Hivi karibuni rafiki yetu mmoja, sajini katika jeshi, alitujia na fedha alizoziweka kwa miaka mingi, akatuomba tufuatane naye mjini Kampala kutazama magari. Alikuwa amekwisha amua kununua Mercedes-Benz ya daraja la E, aina ambayo mafundi huiita W211, iliyoanza kuuzwa mwaka 2002 na kukoma mwaka 2009. Swali lake lilikuwa fupi: je, achukue ya mwaka gani? Yeye mwenyewe aliamini kwamba jibu lilikuwa wazi, yaani achukue ya mwaka wa karibuni kabisa ambayo mfuko wake utairuhusu. Hapo ndipo tulipotofautiana naye, na kwa kuwa tunajua wako askari wengi wenye imani kama yake, tumeona inafaa kueleza jambo hili kwa urefu.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba gari hili haliagizwi tena kutoka ng'ambo. Sheria ya Uganda iliyopitishwa mwaka 2018 inakataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, na hata zile W211 za mwisho, za mwaka 2009, zilitimiza umri huo mwaka 2024. Kwa hiyo kila moja inayouzwa leo imekwisha onja mashimo ya barabara zetu na mikono ya mafundi wetu, ambao miongoni mwao wamo hodari sana na wamo wengine.

Katika uwanja tulioingia palikuwa na magari matatu ya aina hiyo. La kwanza lilikuwa E240 la mwaka 2004, rangi ya fedha, viti vimechakaa kidogo. La pili lilikuwa E350 jeusi, linang'aa, na mwenye kuliuza alisema ni la mwaka 2007. La tatu lilikuwa E280 la mwaka 2008, na bei yake ilipita fedha zote za sajini wetu. Muuzaji alimshika mkono akampeleka moja kwa moja kwenye lile jeusi. "Afande, hili ndilo lako," akasema. "Jipya kuliko lile la fedha kwa miaka mitatu, na injini kubwa."

Sisi tuliomba boneti lifunguliwe.

Magari ya W211 yaliyotengenezwa tangu mwanzo hadi katikati ya mwaka 2006 yana breki za namna ya pekee, ambazo mfumo wake huitwa kwa kifupi SBC. Katika gari la kawaida, mguu wa dereva husukuma mafuta ya breki moja kwa moja hadi kwenye magurudumu, ukisaidiwa na chombo cha duara, chenye umbo kama ngoma nyeusi, kilichofungwa mbele ya dereva chini ya boneti. Katika SBC ngoma hiyo haipo. Dereva akikanyaga, kompyuta ndiyo inayopokea habari, nayo huamuru pampu ya umeme na vali kupeleka mafuta yenye mkazo mkubwa kwenye kila gurudumu kwa kiasi chake. Ni kazi nzuri ya uhandisi, na gari hufunga breki kwa upesi wa ajabu. Lakini pampu hiyo ina umri wake: kompyuta huhesabu kila mara breki inapokanyagwa, na hesabu ikitimia taa nyekundu huwaka kumtaka mwenye gari abadilishe chombo kizima. Ikitokea mfumo ukakataa kazi barabarani, hubaki breki za magurudumu ya mbele tu, nayo pedali huzama chini na kuwa nzito, hata dereva asiyejua hudhani hana breki kabisa.

Mwezi Mei 2004 kampuni yenyewe iliyaita magari 680,000 duniani ili breki hizo zikaguliwe, na mwezi Machi 2005 ikayaita tena magari yapatayo milioni 1.3, safari hiyo kwa ajili ya matatizo ya umeme pamoja na breki. Gari hilo lilipofanyiwa mabadiliko katikati ya mwaka 2006, SBC iliondolewa, ile ngoma nyeusi ikarudi mahali pake.

Wako mafundi wenye kifaa cha kurudisha hesabu ya pampu kwenye sifuri. Taa nyekundu huzimika, gari huuzwa, na pampu iliyochoka huendelea na kazi ikiwa imechoka vilevile. Mnunuzi anayeteremka mlima na familia yake ndani hana njia ya kulijua hilo kwa kutazama taa. Aombe stakabadhi ya pampu mpya. Akikosa, na ahesabu kwamba gharama hiyo inamngoja. Tuongeze na neno moja kwa wale wanaopenda kujitengenezea magari yao wenyewe nyuma ya kambi: pampu hii yaweza kujiwasha hata mlango unapofunguliwa tu, na fundi aliyetia vidole kwenye breki bila kuizima kwanza kwa kompyuta ya kupimia magari aweza kuvipoteza.

Tulipotazama chini ya boneti la lile E350 jeusi, ngoma haikuwapo. Gari la mwaka 2007 halingeweza kukosa ngoma. Tulimtazama sajini, naye akamtazama muuzaji.

Hapa polisi miongoni mwa wasomaji wetu watatuelewa upesi, kwa kuwa kazi hii ni sawa na ile waifanyayo wakisimamisha gari la wizi. Mwaka ulioandikwa kwenye karatasi si lazima uwe mwaka wa kutengenezwa. Sehemu kubwa ya magari haya yalitoka Japani, na Wajapani huhesabu mwaka wa gari tangu siku lilipoandikishwa kwa mara ya kwanza, si tangu siku lilipotoka kiwandani. Gari lililolala ghalani miezi kadhaa hupata mwaka mzima wa ujana bila kufanya lolote. Herufi za namba ya usajili ya Uganda nazo huonyesha tu lini gari liliandikishwa hapa. Ushahidi ulio bora umo ndani ya gari lenyewe. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho, na karibu na chini utakuta kibandiko chenye tarehe ya kutengenezwa kwa mkanda. Tazama pembe ya kila kioo: chini ya jina la mtengenezaji huwa kuna tarakimu ndogo ya mwaka, 5 kwa 2005, 6 kwa 2006. Kioo kimoja kikitofautiana na vingine, kilivunjika kikabadilishwa. Vyote vikiwa na 5, basi gari ni la mwaka huo au la mwanzo wa mwaka uliofuata. Vioo vya gari jeusi vilikuwa na 5, vyote, isipokuwa cha mbele.

Sura ya nje isimdanganye mtu. Magari ya baada ya katikati ya 2006 yana bampa jipya, uso wa mbele uliochongoka zaidi, na vioo vya pembeni ambavyo indiketa zake zina umbo la mshale. Vitu hivi vyote hufungwa kwa bisibisi na spana. Gari jeusi lilikuwa na uso mpya na vioo vipya vya pembeni, na tumbo la zamani.

Muuzaji hakukasirika. Alisema tu kwamba hata yeye aliuziwa hivyo, na pengine alisema kweli.

Bado kulikuwa na jambo la injini, ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko breki, maana breki mbovu huonya, lakini injini hii hula fedha kimyakimya. E240 na E320 za miaka ya mwanzo zina injini ya silinda sita iitwayo M112, nayo ni ngumu. Akibadilisha oili kwa wakati, mwenye nayo ataichoka kabla haijamchoka. Mwaka 2005 mahali pake pakachukuliwa na M272, ambayo ndiyo iliyomo katika E280 na E350. Ina nguvu zaidi na hunywa kwa adabu zaidi. Lakini ndani yake mna mhimili wa kuzuia mtikisiko, ambao huzungushwa na mnyororo wa injini kwa meno ya gia, na katika injini za miaka ya mwanzo meno hayo yalitengenezwa kwa chuma kilicho laini mno. Yakilika, mnyororo hupoteza majira yake, taa ya injini huwaka, nguvu hupungua. Gia hiyo haibadilishwi peke yake, kwa kuwa imeungana na mhimili, na mhimili hautoki mpaka injini nzima ishushwe. Gharama ya kazi hiyo yaweza kukaribia bei ya gari.

Kwa bahati njema kuna alama ya kuzitambua. Namba ya injini hizi huanza na 272, na zile zenye gia laini ni zile ambazo tarakimu zake sita za mwisho hazizidi 468993. Namba hiyo imo katika kadi ya gari na imepigwa kwenye injini yenyewe. Zisipolingana, askari anajua la kufanya. Tuangalie basi matokeo yake kwa miaka. Mwaka 2005 hadi katikati ya 2006, gari la M272 lina breki za zamani na gia laini kwa pamoja. Kuanzia katikati ya 2006 breki ni nzuri, lakini injini nyingine bado ni za fungu lile baya, hata kuingia mwaka 2007. Mwaka 2008 na 2009 mnunuzi aweza kupumua. Kwa hiyo gari la 2004 lenye M112 ni salama kwa mfuko kuliko la 2006, ingawa ni kongwe na halivutii macho, na muuzaji yeyote atakuambia kinyume chake.

Giaboksi tutaipitia upesi. Magari ya M112 yana gia tano, na E280 na E350 zina gia saba, ambazo sahani ya umeme iliyo ndani yake huharibika na kulifanya gari ling'ang'anie gia moja. Jaribu gari likiwa limepata moto, si asubuhi likiwa baridi. Wenye E500 wana mambo yao ya springi za hewa, nao hawakutuuliza.

Sajini alisimama muda mrefu kati ya magari yale matatu. Tulimwambia wazi kwamba lile E280 la mwaka 2008, ambalo namba yake ya injini ilikuwa imepita mpaka tulioutaja, ndilo lililo bora kuliko yote, na kwamba kama angekubali kungoja mwaka mmoja zaidi tungemshauri angoje. Alisema ameahidi nyumbani kurudi na gari, na ahadi ya mtu aliyekaa Mogadishu haiongezwi muda. Basi tukarudi kwenye E240 la fedha. Mikanda yake ilisema 2004, vioo vyake vyote vilisema 4, namba ya chasisi ililingana na kadi. Ilikuwa na 211 baada ya herufi tatu za mwanzo, na tarakimu yake ya kumi ilikuwa 2, yaani gari lililotoka kiwandani likiwa na usukani wa kulia. Stakabadhi ya pampu ya breki haikuwapo. Bei yake ilikuwa chini ya lile jeusi kwa kiasi cha kutosha, na baada ya majadiliano ya saa nzima, na chai mbili, ikateremka zaidi.

Alilipa. Fedha iliyosalia alitupa sisi tumshikie, akatuambia tusimpe hata akiomba, mpaka siku ya pampu. Kisha akafungua mlango, na chini ya boneti tukaisikia ikivuma kwa sekunde chache.