Gasketi za Manifoldi kwenye Injini Kuukuu ya Tabo

Gasketi ya manifoldi ya ekzosi ikianza kuvuja, dalili ya kwanza huwa mlio: tik-tik-tik ya haraka gari linapowashwa asubuhi, inayofifia dakika chache baadaye injini inapopata moto. Hufifia kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka na kuuziba ule upenyo. Kihoto, mtaa wa Naivasha ulio kando ya ziwa, asubuhi huwa za baridi, na mlio huo husikika waziwazi. Hata hivyo wenye magari wengi hudhani ni valvu, au huuzoea tu, hadi gari linapoanza kushindwa na mlima.

Injini ina manifoldi mbili. Moja hugawia silinda hewa, nyingine hukusanya moshi unaotoka. Kila moja hufungwa kwenye silinda hedi kwa boluti, na katikati ya nyuso hizo mbili hukaa gasketi: bamba jembamba la chuma, mara nyingi la tabaka kadhaa, ambalo hubanwa na kuziba kila kibonde kidogo. Kwenye gari la kawaida moshi ukivuja hapo, hasara kubwa ni kelele na harufu. Kwenye gari la tabo, moshi huo ndio unaozungusha tabo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini. Kila kiasi kinachopenya pembeni ni nguvu iliyopotea kabla ya kufanya kazi.

Nyanda za Bonde la Ufa ndipo hasara hiyo inapoonekana zaidi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni takriban asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Tabo hulifidia pengo hilo. Alfred Büchi wa Uswisi alisajili wazo la tabo mwaka 1905, na mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliipeleka injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, mita zipatazo 4,300, ili kuonyesha kwamba tabo huirudishia injini nguvu zinazopotea kwenye hewa nyepesi. Toyota Prado ya dizeli inayopanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru ikiwa na gasketi iliyopasuka hupoteza msaada huo pale inapouhitaji zaidi: hutoa moshi mweusi, hunywa mafuta mengi na kwenda kwa kujikokota.

Gasketi yenyewe ni nadra kuwa ndiyo yenye kosa. Chini ya mzigo mkubwa, moshi kabla ya kuingia kwenye tabo unaweza kufikia nyuzi 700 za Selsiasi kwenye dizeli, na kupita 850 kwenye petroli. Manifoldi nyingi ni za chuma cha kusubu, ilhali hedi ya injini kama 1KZ-TE ya Toyota ni ya aluminiamu, ambayo hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Kila safari nyuso hizo husuguana kidogo, na baada ya miaka 20 manifoldi huwa imepinda, boluti zimevutika na nati zimeliwa na kutu. Maji nayo huchangia. Ziwa Naivasha linapofurika na kuingia Kihoto, kama ilivyotokea mwaka 2025, gari likipita majini manifoldi ikiwa ya moto, chuma hupozwa ghafla na kinaweza kupinda au kupasuka. Kwa hiyo kubadilisha gasketi bila kuchunguza nyuso na boluti ni kuitupa gasketi mpya.

Kazi huanza injini ikiwa baridi kabisa na waya wa betri umetolewa. Kwenye injini zilizo na silinda kwa mstari, kinga za joto hutolewa, kisha mabomba ya hewa, ya mafuta na ya maji yanayoshika tabo. Kwenye Subaru, ambayo silinda zake zimelala pande mbili, manifoldi hupita chini ya injini na bomba moja hupanda hadi kwenye tabo, na gasketi za bomba hilo nazo ni za kushukiwa. Kila tundu linalobaki wazi huzibwa kwa kitambaa safi, kwa kuwa nati moja ikidondokea ndani ya tabo inaweza kuharibu mapanga yake.

Sehemu inayokula siku ni zile boluti zisizo na kichwa ambazo mafundi huziita stadi. Hupuliziwa mafuta ya kulegeza kutu jioni na kuachwa hadi asubuhi. Nati ngumu hukazwa kidogo kwanza, kiasi cha kuvunja kutu, ndipo hulegezwa, huku ikirudishwa na kusogezwa tena. Anayelazimisha kwa bomba refu juu ya spana huivunja. Stadi ikikatika na kubakiza kisiki, dawa bora ni kuchomelea nati juu ya kisiki hicho: joto la kuchomelea hulegeza kutu iliyo ndani, na spana hupata pa kushika. Ikikatikia ndani, hutobolewa katikati kabisa, kwani kekee ikienda kombo thredi za aluminiamu huharibika.

Gasketi kuukuu isitupwe kabla ya kusomwa. Mstari mweusi wa masizi unaotoka kwenye tundu hadi ukingoni huonyesha mahali hasa palipovuja. Nyuso zote mbili husafishwa bila kuchimbwa, kisha rula ya chuma iliyonyooka huwekwa juu ya manifoldi, na bamba jembamba la kupimia hupitishwa chini yake. Likipita bamba nene kuliko kiwango cha kitabu cha gari, manifoldi hupelekwa kwenye karakana ya mashine kusawazishwa. Silikoni haisaidii hapa, moto huiunguza.

Gasketi mpya huwekwa kavu, pamoja na stadi na nati mpya zenye grisi ya shaba kidogo, na washa mpya za shaba kwenye mabomba ya mafuta. Bomba la kuingiza mafuta kwenye tabo hukaguliwa ndani, kwa kuwa mafuta yaliyoungua huganda na kulizibaziba. Kukaza huanzia katikati kuelekea pembeni, kwa awamu, kwa spana ya kupimia nguvu.

Gasketi ya upande wa hewa hubadilishwa kwa utaratibu ule ule, ingawa joto lake ni dogo. Ikivuja, hewa iliyosukumwa na tabo hutoka nje.

Kabla ya kuwasha, mafuta safi humiminwa kwenye tundu la tabo, na injini huzungushwa kwa staata ikiwa imekatiwa mafuta ya kuchoma hadi taa ya oili izimike. Kisha huwashwa, na fundi huweka ncha ya mpira wa maji sikioni na kuupitisha ukingoni mwa manifoldi akisikiliza. Ukaguzi huo hufanyiwa nje, maana moshi una monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Kitabu kikiagiza, nati hukazwa tena baada ya injini kupata moto na kupoa.