Imani Haingoji Mashaka Yaishe

Wakristo wengi wa Afrika Mashariki wanaishi na swali wasilothubutu kulitamka kanisani: nifanye nini iwapo sehemu ya moyo wangu haiamini? Anayelitamka huambiwa aombe zaidi, afunge, asikose mkesha wa Ijumaa. Wengine huambiwa kwamba shida yao imetokana na imani yao kuwa ndogo, jibu lisilomsaidia mtu, kwa maana ndilo hilo hilo alilokuja kulilalamikia. Makala haya yanatetea hoja moja. Katika mapokeo ya Kikristo, mtu hashindi kutokuamini kwa kujilazimisha awe na uhakika. Hushinda kwa kuitumia imani kidogo aliyo nayo, mbele ya waumini wenzake, huku mashaka yangalipo. Ukuaji wa kiroho huzaliwa katika mwendo huo, wala haukuwekwa kwa ajili ya wale tu waliokwisha kuyamaliza maswali yao.

Injili ya Marko, sura ya 9, ina kisa kinachofaa kusomwa polepole. Yesu anashuka mlimani pamoja na Petro, Yakobo na Yohana. Anakuta umati, waandishi wakibishana na wanafunzi waliobaki chini, na katikati ya kelele hizo yupo baba mmoja aliyemleta mwanawe mgonjwa. Kijana ameteseka tangu utotoni. Mara nyingi ameangushwa motoni na majini. Wanafunzi wameshajaribu kumponya, wameshindwa. Baba anapomweleza Yesu haja yake anaiwekea sharti, kama mtu aliyekwisha kuchoshwa na ahadi: anaomba msaada iwapo Yesu ana uwezo. Sharti hilo linapohojiwa, hajitetei wala hajifanyi shujaa wa imani. Anapaza sauti na kukiri mambo mawili kwa pumzi moja, kwamba anaamini na kwamba anahitaji kusaidiwa katika kutokuamini kwake. Yesu hamrudishi nyumbani akamalizane kwanza na mashaka. Anamponya kijana papo hapo, kwa imani hiyo hiyo iliyochanganyika. Baadaye, wakiwa faraghani, wanafunzi wanauliza kwa nini wao walishindwa, na jibu linawarudisha kwenye maombi. Hawa ndio waliotumwa wawili wawili katika sura ya 6, wakatoa pepo na kuponya wagonjwa. Walikuwa na uzoefu ambao baba yule hakuwa nao. Lakini aliyejijua kuwa mhitaji alipokea, na waliotegemea mafanikio ya jana waliaibika mbele za watu.

Hata hivyo, Biblia haiweki kila aina ya kutokuamini katika kapu moja. Kuna shaka ya mtu anayetafuta, na kuna ukaidi wa mtu aliyekwisha kuona akakataa. Mfano mkubwa wa ukaidi uko katika Hesabu, sura ya 13 na ya 14. Musa anawatuma wapelelezi 12 kwenda Kanaani, nao wanazunguka nchi hiyo kwa siku 40. Wote wanatembea njia moja, wanaona miji ile ile yenye ngome, na wanarudi na kichala cha zabibu kilichobebwa na watu wawili juu ya mti. Kumi wanasema haiwezekani, na wanajiona kama panzi mbele ya wenyeji. Wawili, Kalebu na Yoshua, wanasema twende. Tofauti kati ya makundi hayo haikuwa ushahidi, kwa sababu ushahidi ulikuwa mmoja. Na watu waliowasikiliza wale kumi walikuwa wameshavuka Bahari ya Shamu na walikuwa wakila mana. Anayedhani kwamba muujiza mmoja zaidi ungemaliza kutokuamini kwake hana budi kulitafakari hilo. Waraka kwa Waebrania, sura ya 3, unalirejea tukio hili kuwaonya Wakristo, na dawa unayoitoa inashangaza kwa urahisi wake: waonyane kila siku, ili asiwepo anayefanywa mgumu. Mwandishi haagizi ishara mpya kutoka mbinguni. Anaagiza watu wanaokutana na kuambiana ukweli kabla moyo haujakauka.

Hapa msomaji makini atauliza: je, hoja hii haiwadharau watu ambao hawaamini kwa sababu za akili? Wako wanaosumbuliwa na tatizo la uovu duniani, au na yale wanayosoma katika sayansi, na si haki kuwaambia kwamba wana mioyo migumu. Pingamizi hilo lina uzito, na maisha ya Augustino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 huko Tagaste katika Algeria ya leo, yanasaidia kulijibu. Kwa takriban miaka tisa alifuatana na Wamanikeo, kundi la kidini, kwa sababu walionekana kuwa na jibu kuhusu chanzo cha uovu. Walipomkatisha tamaa, alifika Milano kufundisha usemaji, akamsikia Askofu Ambrosi akieleza Maandiko kwa namna iliyoondoa vikwazo vyake. Akasoma pia maandishi ya wafuasi wa falsafa ya Plato, yakamsaidia kufikiri kuhusu Mungu bila kumpa mwili wala ukubwa wa mahali. Kwa hiyo maswali ya akili yalistahili majibu, naye aliyapata. Lakini katika kitabu chake cha Maungamo anakiri kwamba hata baada ya kuridhika kiakili hakuweza kusogea. Mazoea yake ya zamani, hasa ya mwili, yalimshika kama mnyororo. Aliamua mwaka 386 na kubatizwa na Ambrosi wakati wa Pasaka ya mwaka 387. Majibu yalimfungulia njia, ila kutembea kulihitaji nia, na nia yake iliimarishwa na simulizi za watu wengine waliokwisha kuchukua hatua hiyo. Mwenye swali basi apewe jibu la kweli, kitabu na muda. Waraka wa Yuda unaagiza kuwahurumia walio na shaka. Ila asiahidiwe kwamba jibu likipatikana imani itakuja yenyewe.

Ushahidi wa karibu zaidi nasi uko katika Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwezi Septemba mwaka 1929, Joe Church, daktari mmisionari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho baada ya kuhangaika na njaa kali iliyoikumba nchi hiyo. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Muganda aliyekuwa na kiu kama yake. Walikaa siku mbili na Biblia, wakifuatilia mafundisho yake kuhusu Roho Mtakatifu, wakiomba pamoja. Hakukuwa na mkutano wa hadhara wala kipaza sauti. Daktari msomi wa Ulaya, katika enzi ya ukoloni, alikubali kuketi kama mwanafunzi pamoja na Mwafrika na kukiri kwamba ameishiwa. Muda mfupi baadaye Yosiya Kinuka, kiongozi wa wahudumu wa hospitali ya Gahini, naye alikwenda kwa Nsibambi akiwa na manung'uniko mengi juu ya hali ya kazini. Nsibambi alimwelekeza aitazame dhambi iliyokuwa moyoni mwake mwenyewe. Kinuka hakufurahia, lakini akiwa njiani kurudi alijisalimisha kwa Kristo. Mtu huyu hakukosa mahubiri. Alifanya kazi ndani ya kituo cha misheni. Alichokosa ni ndugu wa kumwambia ukweli kwa upendo. Kutokana na mikutano midogo ya namna hiyo uamsho ulienea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, ukibebwa na vikundi vya ushirika vilivyokutana kila juma kusoma Neno, kuungama na kutoa ushuhuda. Wenyewe waliuita mwenendo huo kutembea nuruni.

Mpinzani mwingine atasema kwamba huku ni kujidanganya kwa utaratibu. Mweke mtu yeyote katika kundi linaloomba na kuimba kila juma, ataamini chochote. Ni kweli kwamba mazoezi ya ibada hayathibitishi kwamba Mungu yuko, na Mkristo mwaminifu hatakiwi kuyatumia kama uthibitisho. Madai ya msingi ya Ukristo yanapaswa kupimwa kwa njia yake. Paulo mwenyewe, katika 1 Wakorintho 15, anasimamisha imani yote juu ya tukio la ufufuo na kuwataja mashahidi, ambao wengi wao, asema, walikuwa bado hai. Lakini kuna kweli zisizojulikana kwa kutazama kutoka mbali. Uaminifu wa mtu haufahamiki mpaka umtegemee katika jambo fulani. Tena, anayejidanganya hukimbia kuchunguzwa, ilhali ushirika wa kweli humtaka mtu ataje kosa lake mbele ya wanaomfahamu, arudishe alichoiba, amwombe msamaha mkewe. Ni vigumu kujipendekeza kwa njia hiyo. Na anayedhani kwamba asiyeamini amefika hapo kwa akili tupu, bila mazoea wala marafiki, hajaitazama vizuri namna mwanadamu anavyojenga maoni yake.

Pingamizi la tatu linatoka ndani ya makanisa yenyewe. Kuna mahubiri yanayodai kwamba imani iliyokua huonekana kwa uponyaji, gari, nyumba na mlango wa biashara kufunguka, na kwamba asiyepata hajaamini vya kutosha au hajapanda mbegu ya kutosha. Kwa kipimo hicho baba wa Marko 9 asingesikilizwa hata kidogo. Hata Yohana Mbatizaji asingesalimika, maana akiwa gerezani aliwatuma wanafunzi wake kumuuliza Yesu kama kweli ndiye aliyetarajiwa, na Yesu, baada ya kuwapa jibu la kumpelekea, alimsifu mbele ya makutano. Vivyo hivyo wapo wanaopima ukuaji kwa hisia: machozi, kutetemeka, furaha ya ibada. Barua za Mama Teresa wa Kalkuta, zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa miongo mingi hakuhisi uwepo wa Mungu aliyemtumikia kila siku. Zaburi ya 88 inamalizikia gizani bila faraja, na bado iliwekwa katika kitabu cha sala. Ukavu wa moyo si lazima uwe kutokuamini. Mara nyingine ndipo imani inapokuwa safi zaidi, kwa kuwa haina malipo ya papo hapo.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Rwanda. Nchi iliyokuwa chimbuko la uamsho, ambayo wakazi wake walio wengi sana walikuwa Wakristo, ilishuhudia mauaji ya kimbari ya Watutsi mwaka 1994. Watu waliuawa ndani ya makanisa. Majengo ya Nyamata na Ntarama leo ni kumbukumbu za taifa. Waliobatizwa waliwaua waliobatizwa. Anayeandika juu ya ukuaji wa kiroho katika ukanda huu akalikwepa hilo hastahili kuaminiwa. Funzo lake kwa maoni yangu ni kali: ushuhuda unaweza kuungama pombe, uzinzi na wizi, huku chuki ya kabila ikipita bila kuguswa kwa sababu kila mtu katika kundi anayo. Nuru inayochagua pa kumulika huacha giza lenye hatari zaidi. Na bado historia ya uamsho huo huo ina upande wa pili. Nchini Kenya, miaka ya 1950, ndugu wengi wa uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau na pia wakakataa kushika bunduki za serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo. Nchini Rwanda kwenyewe wapo waliokufa kwa kukataa kutengana na majirani zao. Imani yao ilikuwa imefika mahali ambapo kundi zima lilitaka isifike.

Basi anayetaka kukua aanzie pale alipo. Asome sehemu fupi ya Injili kila siku na atende jambo moja aliloliona humo, hata kama moyo ni mzito. Aombe kwa maneno ya kweli, akiyataja mashaka yake kwa majina yake. Atafute watu wachache, katika jumuiya ndogo ndogo, kikundi cha nyumbani au ushirika wa juma, ambao anaweza kuwaambia ukweli na wakamwambia ukweli. Swali la akili alipeleke kwa mwenye elimu, asilifukie. Baada ya mwaka asijipime kwa alivyohisi, wala kwa alivyofanikiwa. Ajiulize kama amekuwa mkweli zaidi, kama anasamehe upesi zaidi, na kama yuko mtu wa kabila jingine, dini nyingine au tabaka jingine ambaye sasa yuko salama zaidi mikononi mwake. Nanyi wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa, acheni kumwambia mwenye mashaka kwamba imani yake ni ndogo. Mwekeeni nafasi katika ushirika, msikilizeni, kisha mtembee naye.